Nilivyoomba watu nisiowajua wanifanyie asaimenti

Juzi usiku kijana mmoja kaniandikia: "Asalaam aleikum kaka. Nisaidie hii, yatakiwa kesho." Chini yake picha ya kompyuta, imepigwa kwa simu, imepinda, na mwanga wa taa umeanguka pale pale penye msimbo, yaani maandishi ya programu yake. Basi, hakuna neno jingine.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Picha ile niliwahi kuituma mimi.

Nilikuwa mwaka wa kwanza, nimerudi Lamu likizo, kwetu Langoni. Mwalimu katupa kazi ya Python, lugha ya kuandikia programu: una vimo vya maji kujaa vya siku saba, programu itaje kila siku ambayo maji ya kesho yake yalipanda zaidi. Kazi hiyo kapewa mtoto aliyejua bamvua na maji mafu kabla hajajua kusoma! Nikaandika kitanzi, yaani amri zinazojirudia siku baada ya siku, programu ikaanguka. Nikapiga picha, nikaitupa kwenye kundi moja la Telegram. "Haifanyi kazi. Msaada. Haraka."

Tena nikaandika kwa Kiingereza kuwa mwisho ni saa 6. Nilimaanisha saa sita usiku. Wao wakaisoma 6 yao, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili, na mmoja akanijibu kwamba muda umeshapita, nikalale. Mwingine akauliza, "Umejaribu nini?" Niliona dharau, nikamjibu jibu ambalo sitaliandika hapa. Mpaka leo naona haya.

Mwishowe akatokea mwema akaniandikia programu nzima, mistari mitatu tu, na lambda ndani yake, ile funksheni fupi isiyo na jina, ambayo wakati huo sikuijua. Nikaipeleka kama ilivyo. Tulipofungua, mwalimu akaniuliza mbele ya darasa lambda ni nini. Nikasema ni herufi ya Kigiriki.

Sifuri. Na aliyecheka kuliko wote namkumbuka vizuri.

Nikapewa nafasi ya kurudia, na Idi ikanikuta Lamu tena. Nikakaa barazani na ami, yeye atengeneza nyavu zake, mimi namwelezea msimbo wangu wa mwanzo ili nisionekane nimekaa bure. Nachukua Jumatatu naipima na Jumanne, Jumanne na Jumatano, hivyo hivyo mpaka Jumapili. Ami, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, akasema bila kuinua kichwa: "Na Jumapili waipima na ipi?"

Loo! Python huanza kuhesabu kwenye sifuri, kwa hiyo siku saba ni nafasi ya 0 mpaka ya 6. Kitanzi changu kilipofika ya 6 kiliomba ya 7, ambayo haipo. Na Python ilikuwa imeniambia: mstari wa mwisho wa ujumbe wa kosa ulisema nimetaja nafasi iliyo nje ya orodha, na juu yake palikuwa na namba ya mstari wenye tatizo. Niliupiga picha, sikuusoma. Nikakifanya kitanzi kiishie hatua moja nyuma, kazi ikapita.

Kwa hiyo ndugu zangu, someni ujumbe wa kosa. Msimbo utumeni kwa maandishi, mtu aweze kuunakili na kuuendesha kwake, na mpunguze mpaka ibaki ile mistari michache inayoleta kosa. Semeni mlitarajia nini na mmepata nini. Semeni wazi kuwa ni kazi ya shule, mwenye busara atawapa dokezo badala ya jibu. Wale watu hawalipwi, wanakusaidia baada ya kazi zao, nawe huna hata salamu? Tumelelewa hivyo? Na ujumbe wa kosa, usomeni. Najua nimeshasema.

Wewe wa juzi, nimeshakujibu. Nataka msimbo kwa maandishi na ujumbe wa kosa mzima. Na useme kesho saa ngapi, na saa za nani.