Chanjo ya mafua kwa mtoto wa miezi 3

Je, mtoto wa miezi 3 anaweza kuchanjwa influenza, yaani mafua makali ya msimu? Hapana, bado, hata msimu wa baridi ukiwa umepamba moto. Chanjo hiyo inaanza akitimiza miezi 6. Kwa sasa anakingwa na kingamwili za mama, hasa kama mama alichanjwa akiwa mjamzito, maana kingamwili hizo hupita kwenye kondo la nyuma, pamoja na nyinyi mnaomshika kuchanjwa.

RSV, kile kirusi kinachobana vifua vya wachanga, ni habari nyingine. Kuna chanjo ya mjamzito, na kuna nirsevimab, sindano ya kingamwili zilizo tayari, ambayo hata mchanga wa siku chache anaweza kuchomwa. Kwa kawaida hutumika moja kati ya hizo, si zote mbili. Hazijafika kila nchi, kwa hiyo ulizia kliniki.

Nyumbani mikono ipite kwenye sabuni kabla ya kumbeba, na mwenye kamasi asimbusu, hata awe bibi yake (najua, hapo ndipo ugomvi unapoanza). RSV hukaa saa kadhaa kwenye meza na midoli.

Ukiona mbavu zinabonyea ndani akivuta pumzi, au anakataa kunyonya, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.