Kwa mnaoanza kusoma hati za Kanisa: ulizeni kwanza ni hati ya aina gani

Ninyi mnaoanza kozi ya ukatekista, au teolojia kwa walei, mapema tu mtapewa rundo la hati za Kanisa na mtajaribiwa kuzisoma zote kana kwamba zina uzito uleule. Katika semina za parokia ninazofundisha, ubishi mkali kuliko yote huanzia hapo. Mmoja ameshika jibu alilolitoa Papa kwa waandishi wa habari ndani ya ndege, mwenzake ameshika hati ya Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, na hakuna anayeona kwamba vitu hivyo viwili havilingani.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) ulitoa hati 16: konstitusio 4, dekreti 9 na matamko 3. Konstitusio ndizo nguzo, na hizo nyingine husomwa kwa mwanga wake. Kwa upande wa Papa kuna ensiklika, yaani barua yake rasmi ya kufundisha, kuna wosia wa kitume ambao mara nyingi hufuata sinodi, yaani mkutano wa maaskofu, kuna motu proprio, hati anayoitoa kwa hiari yake mwenyewe, ambayo aghalabu hugusa sheria. Mabaraza ya Kipapa nayo yana hati zao. Namba ya aya ya kwanza ya kuiweka kichwani ni Lumen Gentium 25, katika konstitusio ya Mtaguso huo juu ya Kanisa. Inafundisha kwamba nia ya Papa hutambulikana hasa kwa aina ya hati, kwa jinsi anavyolirudia fundisho lilelile, na kwa namna anavyosema.

Hiyo namna ya kusema ndiyo inayohitaji sikio. Mwaka 1950, Pius XII alipotangaza kupalizwa mbinguni kwa Bikira Maria, alitumia vitenzi vitatu mfululizo: tunatamka, tunatangaza, tunafafanua, kuwa ni dogma, yaani fundisho la imani lisilopingika, iliyofunuliwa na Mungu. Hapo mlango umefungwa. Sasa fungua Laudato si', ensiklika ya mwaka 2015. Katika namba 3 Papa Fransisko anasema anataka kuzungumza na watu wote kuhusu nyumba yetu ya pamoja, na katika namba 61 anakiri kwamba yapo maswali mengi ya kivitendo ambayo Kanisa halina sababu ya kuyatolea kauli ya mwisho. Lakini ndani ya waraka huohuo anafundisha kwamba ulimwengu ni kazi ya Mungu Muumba, na hilo si jambo la mjadala kwa Mkristo. Hati moja, uzito tofauti, wakati mwingine katika ukurasa mmoja. Anayesema "huo ni ushauri tu" amekosea sawa na anayetaka kila mstari uwe dogma.

Angalieni pia mwaka nakala yenu ilipochapwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2267, juu ya adhabu ya kifo, ilibadilishwa mwaka 2018. Zamani ilisema adhabu hiyo haikatazwi ikiwa ndiyo njia pekee ya kuyalinda maisha ya watu. Sasa inasema haikubaliki, kwa sababu inashambulia hadhi ya mtu. Katekista mwenye nakala ya zamani atafundisha kwa uaminifu kabisa maneno ambayo hayapo tena. Mabadiliko hayo yalikuja na barua kwa maaskofu inayoeleza jinsi yanavyoendeleza fundisho lililotangulia. Isomeni barua hiyo pamoja na namba yenyewe, maana waamini watawauliza: kumbe Kanisa hubadilika?

Tanbihi msiziruke kamwe. Mjadala mkubwa uliofuata Amoris Laetitia (2016), wosia wa kitume wa Papa Fransisko juu ya upendo katika familia, ulijikita katika tanbihi ya 351, inayohusu msaada wa sakramenti kwa walio katika hali ngumu za ndoa. Tanbihi pia huonyesha hati imemsikiliza nani: katika Laudato si' mtawakuta maaskofu wa Kusini mwa Afrika, na katika tanbihi ya 159 Msufi wa Kiislamu, Ali al-Khawas. Mimi hutazama tanbihi kwanza, kisha ndipo narudi mwanzo.

Majina ya Kilatini yasiwatishe. Kwa kawaida ni maneno ya mwanzo ya hati tu. Na mnaponukuu, tajeni namba ya aya, si ukurasa, kwa kuwa kurasa hutofautiana kutoka toleo hadi toleo.

Kama hamjui pa kuanzia, anzeni na Dei Verbum, konstitusio ya Mtaguso juu ya ufunuo wa Mungu. Ina aya 26 tu, na namba 10 inasema wazi kwamba mamlaka funzi, yaani Papa na maaskofu katika kazi yao ya kufundisha, haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia. Kisha Lumen Gentium: someni sura ya pili juu ya Taifa la Mungu kabla ya sura ya tatu juu ya maaskofu, kwa mpangilio uleule ambao Mababa wa Mtaguso waliuchagua kwa makusudi. Gaudium et Spes, konstitusio juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ni ndefu; iacheni hadi muhula wa pili, na msiisome peke yenu, bali jumuiyani.