Kwa mafundi wapya: taa zisubiri, anzeni na mota

Wadogo zangu mnaotoka MUST (chuo kikuu cha sayansi na teknolojia Mbeya), VETA na kwingineko, mkipewa kazi ya kupunguza matumizi ya umeme huku Nyanda za Juu Kusini, ripoti zenu za kwanza hujaa balbu. Ondoa za zamani, weka za LED, kazi imekwisha. Balbu si mbaya. Lakini ingia kiwanda cha mbao Mafinga au kinu cha mpunga Ubaruku, uzime taa zote mashine zikiwa zinanguruma, kisha utazame mita. Ni kama hujazima kitu. Umeme wa huko unaliwa na mota.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kompyuta, msalimie anayeendesha mashine na ukae naye. Yeye ndiye anayejua mota ipi huchemka kuliko nyingine, ipi imesukwa upya mara kadhaa, na ipi huachwa ikizunguka watu wakienda kunywa chai. Mota iliyosukwa na mtu asiyefuata unene wa waya wa mwanzo hula umeme wa ziada kila saa inapowashwa, na hakuna karatasi ya ofisini itakayokuonyesha hilo. Kisha omba ankara za miezi 12. Ukipima kinu cha Usangu mwezi wa Februari, mpunga ukiwa bado shambani, utaandika habari za mashine zilizolala.

Tuje kwenye msumeno. Gogo limekwisha, vijana wamekwenda kuvuta jingine, mota kubwa inazunguka bure. Ikiwa haina mzigo, pawa fakta yake (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) hushuka sana: inavuta mkondo mwingi kwenye waya huku kazi inayofanyika ni ndogo. Chukua kiwanda chenye mzigo wa kW 100. Pawa fakta ikiwa 0.7, waya na transfoma vinabeba kVA 143 (kVA hupima umeme wote unaovutwa, unaofanya kazi na usiofanya). Ipandishe hadi 0.95, inabaki kVA 105. Na kwa kuwa umeme unaopotea kama joto kwenye waya hufuata mraba wa mkondo, upotevu huo unapungua karibu nusu. Mteja mkubwa anayelipia pia kilele cha kVA cha mwezi ataona tofauti kwenye ankara.

Kapasita, kifaa kinachoipa mota ule mkondo usiofanya kazi ili usivutwe kutoka gridi, ndiyo dawa, ila angalia unapoifunga. Ukiiweka kwenye bodi kuu, unampunguzia mwenye kiwanda ankara na unaipunguzia transfoma mzigo, lakini waya za ndani zinaendelea kuchemka vilevile. Ukitaka kuziokoa nazo, ifunge karibu na mota. Na tafadhali usimuuzie mama mwenye LUKU nyumbani kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachodaiwa kupunguza bili. Yeye analipia uniti, halipii kVA. Hakitamwokolea chochote.

Viwanda vya chai, Mufindi na Rungwe, vina utajiri mwingine: feni za kunyaushia majani. Feni ikipunguzwa kasi kwa asilimia 20, umeme inaohitaji unashuka hadi karibu nusu, kwa sababu nguvu ya feni hufuata mchemraba wa kasi: 0.8 × 0.8 × 0.8 ni karibu 0.5. Ndiyo maana kuziba njia ya hewa kwa bamba, huku mota inakimbia kasi ileile, ni ufujaji. Funga kifaa cha kurekebisha kasi. Lakini muulize kwanza mtu wa chai majani yanahitaji hewa kiasi gani usiku wa mvua na mchana wa jua. Ukiharibu chai ya siku moja, hakuna atakayekusikiliza tena habari za uniti.

Jambo moja ambalo wenzetu wa pwani hawahangaiki nalo: mota nyingi zimepewa vipimo vya kufanya kazi hadi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700, na huku juu hewa ni nyepesi, haipozi mota vizuri. Baridi yetu inafidia kwa kiasi. Bado, unapomshauri mtu abadilishe mota kubwa kwa ndogo, usikate hadi kwenye mfupa.

Sasa kaboni, ambako nyie vijana mnapenda kuzidisha uniti zote kwa namba moja. Gridi yetu inategemea zaidi maji na gesi asilia. Uniti ya mtambo wa gesi hutoa takriban kilo 0.4 hadi 0.6 za hewa ukaa, kutegemea mtambo; ya jenereta la dizeli hukaribia 0.7 au 0.8. Uniti ya maji yenyewe haichomi kitu, ila tazama maji yanakokwenda. Mto Ruaha Mkuu unapata maji kutoka Usangu, unaingia bwawa la Mtera lenye mitambo ya MW 80, unashuka Kidatu yenye MW 204, kisha unajiunga na Rufiji kabla ya bwawa la Julius Nyerere, MW 2,115. Tone moja linazungusha mitambo mara tatu. Ukiokoa umeme mwaka wa ukame, maji yanabaki Mtera kwa ajili ya jioni ambayo vinginevyo ingebebwa na gesi. Ukiokoa uniti ileile usiku wa manane wakati mabwawa yanafurika, kaboni uliyozuia ni ndogo, na ripoti iseme hivyo.

Dizeli ni hesabu nyingine kabisa. Laini ya kilovolti 220 ya Makambako hadi Songea ilipoifikisha gridi kule, majenereta ya dizeli ya Songea yalizimwa. Sidhani kama balbu za mkoa mzima zingefanya hivyo. Kwa hiyo kwa mteja mwenye jenereta, andika saa zake za dizeli kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya mota, kabla ya kapasita.

Na ukimaliza kufunga vifaa, rudi upime tena msimu uleule uliopima mwanzo, mzigo ukiwa uleule. Mwenye kinu akiona mpunga umekuwa mwingi na ankara imepanda, atakulaumu wewe. Njoo na uniti kwa kila tani iliyokobolewa, siyo uniti za mwezi.