Nakabwa usiku, ni bibi wa chumba cha pili?

SWALI: Anti shikamoo. Mi ni mlinzi, wiki hii naingia usiku wiki ijayo mchana. Tangu mwezi wa tatu nikilala nashtuka macho yapo wazi ila siwezi kuinua hata kidole, kitu kizito kimenikalia kifuani na mlangoni namwona mtu kasimama kabisaa. Nilivyopata likizo nikaenda kwa mganga akanipa dawa ya kuoga, ikakata wiki tatu, nimerudi kazini imeanza tena. Washkaji wanasema ni bibi wa chumba cha pili maana haongei na mtu. Nihame au nimkabili? – Mlinzi, Temeke

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimkabili mtu, hilo kwanza.

Hilo ni jinamizi. Ukiwa kwenye usingizi wa ndoto ubongo unazima misuli, usije ukaota unakimbizwa ukaparamia kabati. Sasa siku nyingine akili inaamka misuli haijaachiwa, macho yanaona chumba chako kweli lakini ndoto bado inaendelea juu yake, unataka kuvuta pumzi ndefu kifua hakikutii ndo maana unahisi umekaliwa, na hiyo hofu inakuchorea mtu mlangoni. Mwaka 2011 watafiti walijumlisha tafiti za watu zaidi ya 36,000, wakakuta karibu 8 kati ya 100 yamewahi kuwapata, kwa wanafunzi ni 28, si unajua wanavyokesha. Wajapani wanaita kanashibari. Kule Newfoundland, Kanada, wanasema ni bibi kizee amekukalia! Na huyo hajapanga Temeke.

Yaani kubanwa ni kwa mwili, sura ya anayekubana tunaipata kwenye stori. Mwaka 1995 Zanzibar walisema ni pepo aitwaye Popobawa, ilianzia Pemba ikaja Unguja, watu wakawa wanalala nje kwa makundi wamewasha moto, na mtu mmoja mgonjwa wa akili akauawa na kundi la watu kisa wamemdhania ndiye. Ndo maana nimeanza na bibi.

Halafu hiyo dawa ya kuoga. Umeandika mwenyewe ulikuwa likizo! Jinamizi hupenda usingizi uliovurugika kama huo wako wa shifti; wiki tatu unalala usiku kama watu wengine, ungeoga hata maji ya bomba ingekata. Tena mtu huenda kwa mganga siku amezidiwa, na kilichozidi mara nyingi hupungua chenyewe, basi sifa zote anabeba mganga na hela yako juu.

Lala kwa ubavu, ukilala chali linakuja zaidi. Likikubana usipigane nalo, chezesha kidole cha mguu tu. Ukiona unasinzia ghafla hata mchana ukiwa umelala vizuri, nenda hospitali. Chukua kalenda, andika shifti zako na siku ulizokabwa, miezi miwili, kisha niandikie. Na bibi ukipishana naye koridoni mwamkie, pengine haongei kwa vile hakuna anayemsalimia.