Ukisoma vitabu vya waliofungwa kambini, fuata mikono yao

Wanaoniomba ushauri kuhusu vitabu vya wafungwa wa siasa wengi wameshakwama mahali pamoja. Wameanza na "The Gulag Archipelago" ya Solzhenitsyn, mwandishi Mrusi, kuhusu kambi za wafungwa za Urusi ya Kisovieti, juzuu tatu, wakachoka njiani. Ni kitabu kizito, na kilimponza mwandishi: kilitoka Paris Desemba 1973, na Februari 1974 akafukuzwa nchini mwake. Usianzie hapo. Anza na kile chake chembamba cha 1962, "One Day in the Life of Ivan Denisovich", kinachosimulia siku moja tu ya mfungwa aitwaye Ivan Denisovich Shukhov. Na usikisome peke yako.

Sisi hapa Kirumba, Mwanza, tunasoma kwa kikundi, Jumamosi jioni. Nakala yetu ni ya Kiingereza, kwa hiyo nasoma ukurasa, nausimulia kwa Kiswahili, kisha tunaujadili. Tulipofika pale wafungwa wanapojenga ukuta kwenye baridi inayogandisha udongo wa saruji usipowahiwa, fundi mwashi mmoja alinikatiza. Alitaka nirudie jinsi Shukhov anavyoukagua ukuta alioanzishiwa na mtu asiyejua kazi: kuna mahali pamebonyea, na kozi moja, yaani mstari mmoja wa matofali, haitoshi kupanyoosha, zinahitajika tatu.

"Mwalimu," akasema, "huyu mtu kashika mwiko. Hili huwezi kulitunga umekaa mezani."

Ni kweli alishika. Solzhenitsyn alikuwa mwashi kambini Ekibastuz, Kazakhstan, katika kifungo chake cha miaka minane. Tangu jioni ile nawaambia wote: fuata mikono ya mfungwa. Tazama mkate anaoushonea ndani ya godoro usiibwe, kijiko anachokificha kwenye buti. Ushahidi umekaa humo, na watu wa kazi za mikono wanaupima vizuri kuliko sisi wa vyuoni. Waalike.

Kwa Kiswahili tunaye Abdilatif Abdalla. Alihukumiwa miaka mitatu mwaka 1969 kwa sababu ya waraka wake "Kenya: Twendapi?", na mashairi aliyoyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni yakachapishwa 1973 kwa jina la "Sauti ya Dhiki". Kimvita chake, lahaja ya Mombasa, kitakusumbua ukisoma kimyakimya. Soma kwa sauti, na ukiweza ghani. Kisha hifadhi beti chache. Solzhenitsyn naye alitunga mashairi kambini akayaweka kichwani, akihesabu mistari kwa shanga zilizofinyangwa kwa mkate. Ukishahangaika kuhifadhi ubeti mmoja ukiwa umeshiba na uko huru, utawasoma watu hawa kwa heshima nyingine kabisa.

Wala usidhani kambi ni habari za nchi za theluji tu. Humu humu Ziwa Victoria, kisiwa cha Mageta upande wa Kenya, Waingereza waliwafungia watu wa Mau Mau miaka ya 1950. J. M. Kariuki, aliyezungushwa kambi baada ya kambi kuanzia 1953 hadi 1960, aliandika "Mau Mau Detainee", kikatoka 1963. Kisome ukiwa na ramani ya Kenya pembeni.

Na ukibahatika kukutana na mzee aliyewahi kuwekwa kizuizini, mpe shikamoo yake, kaa, muulize walikula nini, walilala juu ya nini, walifanyishwa kazi gani. Usimwanzishie habari za mateso. Akitaka kufika huko atafika mwenyewe, na simu yako ya kurekodia ibaki mfukoni mpaka atakapokuruhusu.