Mwanamke wa sindano hayumo kitabuni

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ni riwaya gani ya kutisha au ya upelelezi uliyoisoma karibuni, na je, ilikutisha?" Nilidhani nitajibu kwa mistari mitatu. Nimeshindwa, maana swali lenu limenikuta nimetoka kumaliza moja, na jambo lililonipata baada ya kuimaliza nimelala nalo na kuamka nalo tangu Jumatatu.

Riwaya yenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Najua kuna watakaosema hiyo si ya karibuni. Ni kweli, ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957/58 na ikachapishwa 1960, Tanganyika haijapata hata uhuru. Lakini mmeuliza tulichosoma karibuni, hamkuuliza kilichoandikwa karibuni. Nilikinunua kwa wauza vitabu wanaopanga chini pale Posta, nakala iliyopauka jalada, nikakisoma kwenye mwendokasi kati ya Kivukoni na Kimara, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Siku nne kikawa kimekwisha.

Niseme kwanza msimamo wangu, ambao nilikuwa nao hata kabla sijashika kalamu. Hizi hadithi za kutisha zinazozunguka kwenye WhatsApp, sehemu ya kwanza mpaka ya themanini, unapewa tatu za bure halafu unaambiwa ulipie, sizipendi. Kila sehemu ina jini, kila jini lina kucha, na damu inamwagika kama bomba lililopasuka barabarani. Mtu aliyekulia uswahilini utamtishaje kwa kumtajia jini? Tumelelewa nayo. Habari za mumiani tuliambiwa kabla hatujajua kuandika majina yetu. Na mwisho wa hadithi hizo huwa mmoja tu: jini linachomwa kwa dua, basi. Hakuna alichokifikiria mwandishi, na msomaji naye hapewi kazi yoyote.

Nikawa nawaambia watu kazini, someni Bwana Msa. Kwa wasiomjua, ni mpelelezi wa kujitegemea, kiko mdomoni, anaishi Unguja, ana rafiki yake Najum. Katika kitabu hiki kuna kifo, kuna mzimu ambao watu wanauogopa na kuuwekea ubani, na kuna Bwana Msa ambaye haamini kwamba mzimu unaweza kushika silaha. Muuaji simtaji, wapo ambao hawajasoma. Lakini nilikuwa nimeshika hivi: huo ndio uungwana wa mwandishi wa hadithi ya kutisha. Anakutia hofu, kisha kabla hajakuaga anawasha taa na kukuonyesha kila kitu kilipokuwa. Wengine waliofuata, Katalambulla na Simu ya Kifo yake ya 1965, Musiba na Willy Gamba wake, Mtobwa na Joram Kiango, hao walikuwa wa kaka zangu. Bastola, majasusi, hoteli za mjini. Niliwasoma kwa kuibia, sikuwahi kukosa usingizi kwa ajili yao.

Bwana Msa ndiye aliyenikosesha. Na hapa ndipo jibu langu linapoanza.

Mwaka 2006 maji ya bwawa la umeme la Mtera yalipungua kwa ukame na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme. Wa rika langu mnaukumbuka mgao ule. Tulikuwa tunakaa Magomeni, nyumba ya vyumba sita, ukumbi mrefu katikati, uani choo, bafu na mwembe mmoja. Baba alikuwa amepanga vyumba viwili vya mbele. Cha katikati alikaa mama mmoja muuza vitumbua na binti zake. Cha mwisho kabisa, mkabala na mlango wa uani, alikaa fundi cherehani mmoja aliyetoka Lushoto, mtu mrefu, mpole, hana mke, maneno yake ya siku nzima ungeweza kuyahesabu kwa vidole. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja.

Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu wa mwisho, na shangazi akavuka kutoka Unguja kuja kumlea mzazi. Kwenye mkoba wake alikuwa na kanga, halua ya mkono mmoja, na kitabu kilichofungwa kwenye gazeti kisichafuke. "Huyu bwana wa kwetu," alituambia. Kweli mwandishi alizaliwa Makunduchi, mwaka 1918, na shangazi alikuwa ameolewa hukohuko, kwa hiyo alimzungumzia kama jirani aliyesafiri tu.

Kila usiku baada ya isha chemli iliwekwa juu ya kinu kilichofudikizwa, mkeka ukatandikwa ukumbini, shangazi akasoma. Alikuwa anajua kusoma. Bwana Msa alimpa sauti nzito ya taratibu, na kwa kuwa hakuwa na kiko, alibana penseli kwenye pembe ya mdomo. Najum alimsomea haraka haraka kama mtu anayekimbia mvua. Mama vitumbua akawa anakuja na mchele wake kuuchagua gizani kwa vidole, ili mradi asikose neno. Watoto wa nyumba ya pili wakaanza kuingia. Tukawa kama watu kumi na tano kwenye ukumbi ule, joto la Machi, mbu, moshi wa mafuta ya taa, na hakuna aliyekohoa.

Fundi peke yake hakuja. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, haikuhitaji umeme, na mafundi wengi wa mtaani wenye za umeme walikuwa wamekwama. Kazi zote zikamwangukia yeye. Alikuwa anashona mlangoni mwake kwa kibatari mpaka saa sita, saa saba za usiku. Mtoto alikuwa hapati usingizi kwa mlio ule, na mama naye, mzazi wa wiki mbili, akawa analia kimyakimya kwa uchovu. Hakuna aliyemwambia fundi. Alikuwa ametushonea sare za shule bila kudai hata senti, utaanzaje?

Usiku wa nne au wa tano, shangazi akafika mahali ambapo mtu mmoja amelala peke yake, usiku wa manane, akasikia hodi. Hodi ya kwanza akanyamaza. Ya pili akanyamaza. Ya tatu akauliza, nani? Sauti ya kike ikajibu: "Mimi jirani yako. Niazime sindano."

Shangazi akanyamaza hapo, akatutazama.

Wasomaji wenzangu sina haja ya kuwaeleza. Sindano haiazimwi usiku na haiuzwi usiku. Ukienda dukani baada ya magharibi muuzaji atakuambia zimekwisha na hali unaziona ukutani. Chumvi yenyewe tunaiita dawa ya mboga jua likizama. Pale ukumbini hakuna mtu ambaye mwili haukumsisimka, na katika ukimya ule nilisikia kitu ambacho sikuwa nimegundua kwamba nilikuwa nakisikia muda wote: cherehani ilikuwa imesimama.

"Akampa?" Fundi aliuliza kutoka kwenye giza la mwisho wa ukumbi.

Shangazi akakisogeza kitabu kwenye taa, akasoma polepole kuliko alivyowahi kusoma. Alimpa. Alipitisha sindano kwenye upenyo wa mlango, na vidole vilivyoipokea vilikuwa vya baridi kama vimetoka kisimani. Alfajiri alipoamka akaikuta sindano imechomekwa kwenye kanzu aliyokuwa ameiacha nusu usiku ule. Kanzu ilikuwa imekwisha kushonwa. Uzi ulikuwa mwekundu, na yeye nyumbani kwake hakuwa na uzi mwekundu.

Akafunga kitabu. Akasema mafuta yanakaribia kwisha, tukalale.

Tangu siku hiyo fundi alikuwa anafunika cherehani yake kwa shuka isha inapoadhiniwa. Mtoto akalala, mama akalala. Mimi ndiye sikulala. Mwaka uliofuata, minong'ono ya popobawa ilipoingia Dar na watu wakawa wanakesha, wenzangu waliogopa popobawa. Shangazi alikuwa ametusimulia jinsi mwaka 1995 kule Unguja walivyolala nje kwa makundi, moto katikati. Mimi popobawa hakuniingia. Nilikuwa nasikiliza mlango, nikingoja kuombwa sindano. Nina miaka zaidi ya thelathini sasa, na jua likishazama kikopo cha sindano kinaingia kabatini.

Sasa mnaelewa nilivyosoma kwenye mwendokasi. Nilikuwa namngoja yule mwanamke. Kila ukurasa niliofungua nilijiandaa. Nikapita nusu ya kitabu, hajaja. Nikafika robo ya mwisho, Bwana Msa anafungua fundo moja baada ya jingine, hajaja. Nikamaliza. Usiku nikarudia kukagua ukurasa kwa ukurasa, nikihesabu namba kama kuna karatasi iliyotoka. Zote zimo. Mwanamke wa sindano hayumo. Wala kanzu, wala uzi mwekundu.

Nilikaa kitandani muda mrefu. Nikamkumbuka shangazi alivyoinamia taa, na fundi peke yake kule gizani, mtu wa sindano na uzi, anayeshona usiku wakati wenzake wamelala. Kati ya watu kumi na tano, lile tukio lilikuwa na msikilizaji mmoja. Sisi wengine tulikuwa njiani tu likipita kumwendea.

Nikampigia shangazi Unguja. Shikamoo, marahaba mwanangu, watoto hawajambo, Mungu mwema. Nikamwuliza: mbona yule mwanamke wa sindano hayumo kitabuni?

"Yumo," akasema.

"Nimesoma mara mbili, shangazi."

"Basi hicho chako si kama changu." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Yule fundi yu hai?"

Nikamwambia alirudi kwao Lushoto zamani, habari zake hatuna. "Alikuwa fundi hodari," akasema. Tukaongea mambo mengine.

Hapo ndipo msimamo niliouanza nao juu ulipoanza kunitoka mikononi. Nilikuwa nasifu taa ya mwisho, ile ya Bwana Msa kueleza kila kitu. Lakini yote aliyoyaeleza nilikuwa nimeyasahau. Nilipoisoma sasa, mauaji, ushahidi, hata mzimu wenyewe, vilikuwa vigeni kwangu kama sijawahi kuvisikia. Kilichobaki kwa karibu miaka ishirini ni kipande kimoja ambacho hakuna mpelelezi aliyekipeleleza, kwa sababu mpelelezi hakujua kwamba kipo. Na kilitungwa papo hapo na mama mmoja aliyetaka wifi yake apate usingizi.

Jumamosi nilikuwa saluni, hapa Kimara, nasukwa. Simu ya msusi ilikuwa imeegemezwa kwenye kioo, kijana anasimulia hadithi ya kutisha, zile zile za mfululizo, sehemu sijui ya ngapi. Jini, kucha, damu. Nikajiandaa kuchoka. Akaingia mteja aliyechelewa, akauliza imefika wapi. Msusi akapunguza sauti ya simu, akaanza kumsimulia yeye mwenyewe, na katika kumsimulia akaihamisha: chumba cha kupanga kikawa hapo nyuma ya soko, mwenye nyumba akawa mtu ambaye wale wanawake walionekana kumjua, na kucha zikaondoka kabisa. Ikabaki sauti ya mtu anayefagia uwanja saa nane za usiku. Msusi mwenyewe alipofika hapo mkono wake ulisimama kwenye nywele zangu. Nikasikia ubaridi shingoni. Mimi huyuhuyu ninayekataza watu kulipia.

Kwa hiyo jibu langu, mhariri. Mzimu wa Watu wa Kale naipa saba kwa kumi. Kiswahili chake ni kitamu, na Unguja yake ya zamani unaiona kwa macho, ingawa pale katikati watu wanaongea mno na kutenda kidogo. Ilinitisha? Mwaka huu hapana, hata mara moja. Hiyo saba yenyewe sina hakika nayo, kwa sababu kila nikitaka kuongeza namkumbuka shangazi na kila nikitaka kupunguza namkumbuka yeye pia. Na hadithi za simu siwezi tena kusema hazifai. Nasema tu, sikilizeni anayezisimulia upya.

Shangazi anakuja mwezi ujao na boti, ameniambia nimwekee kitabu asome kama macho yatakubali. Nimekiweka juu ya kabati. Mwanangu ana miaka tisa na baba yake anasema bado mdogo. Mimi nilikuwa na kumi na moja.