Maswali ya Wasomaji: Kompyuta Mpya na Vifaa vya Kuongezea

SWALI: Mhariri, salaam. Binti yetu ameanza mwaka wa kwanza wa chuo, nasi tumejibana hadi tukamnunulia kompyuta mpakato. Muuzaji ametuandikia orodha ya vifaa anavyosema ni vya lazima: begi, stebilaiza, feni ya kupozea, kifuniko cha silikoni cha kibodi, kipanya, na flashi ya terabaiti 2 kwa shilingi 20,000. Tumebakiwa na shilingi 150,000 tu. Tuanze na kipi? — Mzazi, Tanga.

JIBU: Mzazi, hongereni kwa hatua hiyo. Kifaa ambacho ningekilipia kwanza hakimo kabisa katika orodha ya muuzaji, nacho ni diski ya nje ya kuwekea nakala ya pili ya kazi za binti yenu. Kompyuta ikiibwa au ikimwagikiwa chai, hununuliwa nyingine, ingawa kwa uchungu. Lakini ripoti ya mafunzo kwa vitendo iliyokuwa ndani yake peke yake haipatikani dukani. Ziko diski zenye sahani inayozunguka ndani, ambazo ni nafuu lakini huharibika kwa urahisi zikianguka wakati zinafanya kazi, na ziko za SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka na kwa hiyo hustahimili misukosuko zaidi. Kwa mwanafunzi wa kupanda daladala ningechagua SSD ndogo ya gigabaiti 256 badala ya diski ya sahani ya terabaiti 1, kwa kuwa maandishi na slaidi za masomo hazichukui nafasi kubwa. Diski hiyo ibaki chumbani. Ikikaa katika begi moja na kompyuta, mwizi atazichukua zote mbili.

Flashi ya terabaiti 2 kwa bei hiyo msiinunue. Kwa kawaida flashi za namna hiyo huwa na nafasi ndogo sana, ila zimepangwa ziidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake, na mafaili yanayozidi nafasi halisi hupotea bila onyo lolote. Kama tayari mmeinunua, ijaribuni kwa programu ya H2testw, ambayo ni ya bure: huijaza flashi yote, kisha husoma upya kila kilichoandikwa.

Stebilaiza nayo iacheni. Tazameni maandishi madogo yaliyo kwenye chaja. Chaja nyingi za kompyuta huandikwa 100–240V, na umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, kwa hiyo umeme ukishuka kiasi chaja hustahimili yenyewe, na ukikatika betri huendelea na kazi. Kinachodhuru zaidi ni umeme unaorudi kwa kishindo. Nunueni ekstensheni yenye kinga ya mishtuko ya umeme, na mumzoeze binti kuchomoa chaja mara tu umeme unapokatika, jambo ambalo halina gharama yoyote.

Begi ni la lazima, lakini likaguliwe kwa mkono. Mabegi mengi yana sponji pande zote isipokuwa chini, na begi linapowekwa sakafuni ni ukingo wa kompyuta unaopokea pigo. Bonyezeni chini ya mfuko wa ndani: mkiigusa meza kupitia kitambaa, tafuteni jingine. Kumbukeni pia kwamba inchi za kompyuta hupimwa kwenye kioo, kutoka kona hadi kona, kwa hiyo ni vyema kwenda dukani na kompyuta yenyewe.

Kipanya cha waya kinatosha. Feni haihitajiki ikiwa kompyuta itawekwa mezani au juu ya ubao, si juu ya godoro linaloziba matundu ya hewa. Kifuniko cha silikoni kinanitia wasiwasi, kwa sababu nafasi kati ya kibodi na kioo ni finyu mno kompyuta inapofungwa. Mwaka 2020 kampuni ya Apple iliwaonya wenye MacBook wasizifunge zikiwa na kibandiko cha kamera, kwani kioo kinaweza kupasuka, na kibandiko hicho ni kitu kidogo kuliko silikoni ya kibodi nzima.

SWALI: Kompyuta yangu huchajiwa kwa tundu la USB-C. Je, naweza kutumia chaja ya simu? — Msomaji, Mombasa.

JIBU: Chaja iliyotengenezwa vizuri haitaiunguza, kwa sababu chaja na kompyuta hukubaliana kwanza kiwango cha umeme. Tatizo ni nguvu: chaja ya simu ya wati 25 ikiunganishwa na kompyuta inayohitaji 65, betri itajaa polepole mno, au kompyuta itaikataa kabisa. Nunua chaja yenye wati sawa na ile ya awali au zaidi, kisha uangalie na waya wake, kwani waya wa kawaida wa USB-C huishia wati 60.